Vyeti vya vifaa vya Ex: vipange hivi ili fundi avipate akiwa amesimama mbele ya pampu

Haya jamani, hii nawaandikia nyinyi mnaoshughulika na petroli, gesi ya mitungi na kila kitu kinachotoa mvuke wa kushika moto, iwe uko Mokowe, iwe una kituo cha mafuta ya maboti pale ufuoni Lamu, iwe stoo yako ya gesi iko Hindi au uko Malindi mjini na pampu zako. Najua wengi mna vyeti, hapo sina neno. Tabu ni kwamba mtu akiomba kuona vyeti vya vifaa vya Ex, yaani vile vilivyotengenezwa visiwashe mvuke au vumbi la kulipuka, analetewa faili nene, karatasi nzuri nzuri zina mihuri, alafu ukiuliza swali moja tu, ile taa pale juu ya pampu ya pili cheti chake ni kipi kati ya hizi, watu wanaanza kupekua, wanapekua, wanampigia simu fundi aliyeifunga, fundi mwenyewe sa hii yuko Mombasa hashiki simu, na jibu halipatikani.

Kwa hivyo njia ntakayoeleza inaanza na kifaa chenyewe, karatasi baadaye. Wengi huenda kinyume, wanachukua faili wanaingiza vyeti kwenye kompyuta kimoja kimoja mpaka usiku, wanamaliza wamefurahi, kumbe walichonacho ni orodha ya karatasi. Vifaa vingine vilivyoko nje havimo mle, na vyeti vingine vilivyomo ni vya vifaa vilivyong'olewa zamani.

Nipite haraka kwenye hatari yenyewe ili tuelewane. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse joto letu la kaskazi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea, unatambaa chini, unaingia kwenye mabomba ya kebo, kwenye mifereji, chini ya mbao za gati. Ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa mpaka kama 7.6 hivi, cheche ndogo tu yatosha. Gesi ya kupikia nayo inatambaa vilevile. Dizeli ina afadhali, mvuke wake hauwaki mpaka ipate joto la kupita digrii 55, ila ikivuja kwa presha ikawa kama ukungu usiiamini. Na nyinyi wenye vyumba vya betri za sola msijione mko nje, betri za asidi zikichajiwa zinatoa haidrojeni, na hiyo inawaka kuanzia asilimia 4 mpaka 75, yaani karibu muda wote. Posho mili pia, vumbi la unga likijaa hewani linalipuka, watu hawaamini lakini ndo hivo.

Kutokana na hayo, sehemu hugawanywa kwa zoni. Zoni 0 ni pale mvuke upo daima au kwa muda mrefu, kama ndani ya tangi. Zoni 1 ni pale unatarajiwa kutokea mara kwa mara kazi ikiendelea kawaida, kama ndani ya tumbo la pampu. Zoni 2 ni pale hautarajiwi, na ukitokea ni kwa muda mfupi. Vumbi lina zake, 20, 21 na 22. Ramani ya zoni inachorwa na mtu anayejua, kwa kufuata viwango vya kimataifa, IEC 60079-10-1 cha gesi au 60079-10-2 cha vumbi, usijichoree mwenyewe kwa kukisia. Kama huna hiyo ramani simama hapo hapo uitafute kwanza, manake swali kubwa la daftari lako lote ni moja: hiki kifaa kinafaa kukaa mahali kilipo? Huwezi kulijibu kama hujui mahali penyewe ni zoni gani.

Sasa kazi. Zunguka kituo chote na ramani mkononi, kila kifaa cha umeme kilichoko ndani ya zoni kipe namba yake, hata kiwe kidogo vipi. Taa, swichi, mota ya pampu, sanduku la kuungia waya, kipima mafuta cha tangi, sensa ya gesi, kengele, hata tochi ya mlinzi na redio ya mkononi kama zinaingia mle ndani. Namba iwe fupi na isiyo na maana nyingi, PMP-01, TAA-07, basi, usiweke jina la mahali ndani ya namba kwa sababu vifaa huhamishwa na siku TAA-07 ikitoka gatini ikapelekwa stoo hutaki namba iwe inasema uongo. Ichonge kwenye kibati cha chuma cha pua ukifunge kwa waya wa chuma cha pua, stika za karatasi hapa kwetu hazimalizi msimu mmoja wa kusi. Na usitoboe kifaa ili ufunge kibati! Nimeona sanduku zuri kabisa la Ex d, lile gumu lisilotoa mlipuko nje, limetobolewa tundu la skrubu ili libebe namba yake ya ukaguzi, yaani kile kinachothibitisha kuwa ni salama ndicho kilichoharibu usalama.

Alafu piga picha kibati cha kiwandani cha kila kifaa. Hapa nasisitiza, simu yako ya kawaida nayo si kifaa cha Ex, usiende kupiga picha wakati lori linashusha mafuta au boti linajazwa, ngoja kazi isimame, chukua kibali cha kazi, pima hewa kwa kipima gesi, ndo uingie. Picha iwe mbili, moja ya karibu maandishi yasomeke, nyingine ya mbali inayoonyesha kifaa kimekaa wapi. Chumvi ikifunika kibati kipanguse kwa kitambaa kibichi, usikwaruze kwa kisu.

Kusoma kibati ndo kunawashinda wengi na si kugumu hivo. Tuseme umekuta II 2 G Ex db eb IIB T4 Gb. II ni vifaa vya juu ya ardhi, I ingekuwa ya migodini. 2 G ni daraja la Ulaya, G ni gesi, 2 inafaa zoni 1 na 2, ingekuwa 1 ingefaa mpaka zoni 0, ingekuwa 3 ni zoni 2 peke yake. Ex ni alama yenyewe. db na eb ni namna kifaa kinavyojikinga: d ni sanduku gumu ambalo mlipuko ukitokea ndani hautoki nje ukawasha hewa, e ni kifaa kilichotengenezwa kisitoe cheche wala joto la ziada, na hiyo b inaonyesha kiwango cha kinga. Kuna i ambayo ni umeme mdogo usioweza kuwasha kitu, kuna m ya kumwagiwa gundi ngumu, p ya kujazwa hewa ya presha, t ya vumbi. IIB ni kundi la gesi, IIA ni ya akina propani na petroli, IIB ya akina ethilini, IIC ni kali zaidi yaani haidrojeni na asetilini, na kifaa cha IIC kinaruhusiwa kwenye IIB na IIA lakini usigeuze. T4 ni joto la juu kabisa ambalo ngozi ya kifaa inaweza kufika: T1 ni 450, T2 ni 300, T3 ni 200, T4 ni 135, T5 ni 100, T6 ni 85. Namba ikipanda joto linashuka, wengi wanalisoma kinyume. Gb mwisho inasema tena lugha ya daraja, Ga kwa zoni 0, Gb kwa zoni 1, Gc kwa zoni 2.

Petroli kawaida huhesabiwa IIA T3, kwa hivyo kifaa chetu cha mfano, IIB T4 Gb, kinakaa zoni 1 ya pampu bila neno. Kipeleke kwenye chumba cha betri kinakataa, pale panataka IIC. Unaona sasa kwa nini huwezi kuandika tu "Ex, iko sawa" kwenye safu moja ukaendelea na maisha.

Na hilo ndo kosa kubwa la Excel za watu. Maandishi yote ya kibati yamebandikwa kwenye chumba kimoja, huwezi kuchuja, huwezi kuuliza nionyeshe vyote vya IIA vilivyoko sehemu ya IIB. Vitenganishe. Namba ya kifaa, mtengenezaji, modeli, namba ya siriali, daraja, aina ya kinga, kundi la gesi, darasa la joto, kiwango cha joto la mazingira, namba ya cheti, toleo la cheti, kama kina X au U (nitazieleza mbele), zoni ya pale kilipo, kundi na darasa la joto linalotakiwa pale, tarehe kilipofungwa, nani alikifunga, ukaguzi wa mwisho, ukaguzi ujao. Ni safu nyingi ndio, lakini unajaza mara moja. Maandishi kamili ya kibati yaweke pia kwenye safu yake, vilevile yalivyo, hata kama yanaonekana ya ajabu. Vifaa vya zamani vya Ulaya vinaandikwa EEx, vyeti vya kabla ya miaka ya karibuni vinasema d badala ya db, usivirekebishe ili vifanane na vipya, andika ulichokiona.

Kingine kuhusu Excel, inakula sifuri. Pembeni ya alama ya CE kuna namba ya tarakimu 4 ya taasisi iliyokagua kiwanda, nyingine zinaanza na 0, ukiandika 0518 Excel inakuwekea 518 na hapo umeshapoteza. Kabla hujaanza kujaza chagua safu zote uziweke kuwa maandishi. Namba za siriali vilevile, yenye herufi E katikati itageuzwa kuwa hesabu ya ajabu, na zingine zitageuka tarehe.

Mstari mmoja ni kifaa kimoja. Una taa 12 za aina moja, mistari ni 12, hata kama cheti ni kimoja. Cheti ni cha aina, kifaa ni kimoja kimoja, moja imefungwa gatini inapigwa na maji ya chumvi, nyingine iko ndani kwenye kivuli, hali zao hazitafanana baada ya miaka miwili. Ukijua kutengeneza jedwali mbili ni bora zaidi, moja ya vyeti moja ya vifaa, zinaungana kwa namba ya cheti, lakini kama hujui usijisumbue, mistari inayojirudia haijamuua mtu.

Sasa ndo tuje kwenye vyeti. Viko vya mifumo miwili utakayokutana nayo sana. ATEX ni ya Ulaya, sheria inayotumika sasa ni 2014/34/EU iliyoanza kufanya kazi tarehe 20 Aprili 2016 ikachukua nafasi ya 94/9/EC, na vifaa vilivyotoka chini ya ile ya zamani havikugeuka vibaya siku ile. Namba yake huwa na jina la taasisi, mwaka, neno ATEX, alafu namba. IECEx ni ya kimataifa, namba yake huanza na IECEx, herufi za taasisi, mwaka, nukta, namba. Uzuri wa IECEx ni kwamba vyeti vyote viko kwenye tovuti yao, bure, unaandika namba unakiona, na kile cha tovutini ndo chenyewe, karatasi yako ni nakala tu. Kwa hivyo fundi au muuzaji akikuletea PDF, ichukue, alafu nenda tovutini ukakitafute mwenyewe ulinganishe mtengenezaji, modeli, toleo na hali yake. Usipokiona, pesa zikae mfukoni kwanza. Vifaa vya bandia vipo, na vingine si bandia, ni cheti cha ndugu yake, modeli inafanana imepishana herufi moja mwishoni na hiyo herufi ndo ilikuwa na maana.

ATEX haina tovuti moja ya namna hiyo, kwa hiyo omba tamko la ulinganifu la mtengenezaji pamoja na cheti chenyewe na kitabu cha maelekezo, vyote vitatu. Vifaa vya daraja la 3, vya zoni 2, mtengenezaji anaruhusiwa kujitamkia mwenyewe bila taasisi, kwa hivyo ukikosa namba ya tarakimu 4 pale usipige kelele ati ni feki. Lakini kwa zoni 1 kifaa cha umeme lazima kiwe nayo.

Toleo nalo msilidharau. Cheti cha IECEx kinaanza toleo 0, mtengenezaji akibadilisha kitu kinakuwa toleo 1, 2, na kuendelea. Taa yako iliyotengenezwa wakati wa toleo 1 inabaki na toleo 1, usifute ukaweka 4 kwa sababu ndo jipya tovutini, hilo la 4 linaweza kuwa linaelezea gasketi ambayo yako haina. Weka la wakati wa kifaa chako, na pembeni andika kuwa kuna jipya.

Haya, X. Kama kuna kitu kimoja tu utachukua hapa basi chukua hiki. Herufi X mwisho wa namba ya cheti maana yake kifaa ni salama kwa masharti maalum, na hayo masharti hayako kwenye kibati, yako ndani ya cheti, kwenye kurasa za ndani ambazo hakuna anayezifungua. Mafaili mengi niliyoona yamehifadhi namba mpaka X yenyewe, vizuri kabisa, alafu sharti halikuandikwa popote. Fungua cheti, soma, nakili sharti kwenye safu yake kwa Kiswahili ambacho fundi wako na msafishaji wako wanakielewa. Sharti linaweza kusema kifaa kina ganda la plastiki linaloweza kujaza umeme tuli kwa hiyo kisafishwe kwa kitambaa kibichi peke yake, na wewe una kijana anakipangusa kwa tambara kavu kila asubuhi kwa nia njema. Utasema hewa yetu ina unyevu, sawa, lakini cheti hakijui Lamu. Lingine linasema boliti ziwe za ubora fulani, na moja ilipopotea fundi akachukua yoyote dukani. Lingine linasema mianya ya sanduku la Ex d isitengenezwe bila kumuuliza mtengenezaji. Lingine linasema kifaa kikae mahali ambapo hakitagongwa, nacho kimefungwa pale ambapo madumu yanapita toka botini kutwa nzima. Kila sharti lipe mtu wa kuliangalia, la kusafisha lipelekwe kwa msafishaji, la boliti lipelekwe kwa fundi, manake sharti lililokaa kwenye kompyuta ya ofisini halijamfikia yeyote.

U ni kitu kingine, maana yake ni kipande tu, hakiruhusiwi kufungwa peke yake, lazima kiwe ndani ya kifaa chenye cheti chake kamili. Ukiona U kwenye orodha yako kama kifaa kinachojitegemea, hapo kuna shida, mwite mtu.

Joto. Kifaa kisichoandikwa chochote kuhusu joto la mazingira kimepimwa kwa digrii 20 chini ya sifuri mpaka 40. Mtu atakwambia Lamu haifiki 40, kweli kivulini haifiki, lakini sanduku jeusi lililofungwa ukutani upande wa jua la saa nane mchana mwezi wa pili, weka mkono uone. Kikipita joto lake basi ile T4 nayo haina uhakika tena. Kwa hiyo safu ya joto ijazwe, Ta au Tamb ikiwepo kwenye kibati iandikwe kama ilivyo, isipokuwepo andika 40, na kwa kila kilichoko juani nenda kakipime mchana. Ukinunua vipya vya nje omba vya 50 au 55, au kijengee kakivuli, ni rahisi.

Na chumvi ndo adui yetu mwengine. Sanduku la Ex d linategemea mianya yake iwe laini na ya kipimo, kutu ikila pale kinga imekwenda na cheti bado kiko kwenye faili kinang'aa. Hii haionekani kwenye karatasi, inaonekana kwa ukaguzi tu, ndo maana data ya ukaguzi lazima ikae pamoja na data ya cheti kwenye mstari ule ule. IEC 60079-17 inataja ngazi tatu, wa macho, wa karibu na wa kina unaofungua kifaa. Muda kati ya ukaguzi usipite miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu, vifaa vya kubebeka viangaliwe kwa karibu angalau kila miezi 12, na vile ambavyo vinafunguliwa mara kwa mara kama sehemu ya betri ni miezi 6 kwa kina. Hayo ni ya dunia nzima. Kwa vile vilivyoko gatini mimi ningekaza zaidi, kabla kusi haijaanza na baada ya kumalizika, hata kama ni wa macho tu. Andika tarehe, ngazi, nani, na alichokiona, "sawa" peke yake si jibu, andika gasketi imekauka upande wa chini, glandi imelegea nimekaza.

Hizo glandi nazo, vile vibano vya kebo inapoingilia sandukuni, watu wanazisahau kabisa. Glandi ya kebo ina cheti chake mwenyewe, kizibo cha tundu lisilotumika kina cheti chake. Sanduku la laki moja likiingizwa kebo kwa glandi ya plastiki ya dukani linakuwa sanduku la kawaida. Mimi huziandika chini ya kifaa mama, PMP-01-G1, PMP-01-G2, na ndiyo inachosha, na ndiyo hapo utapata makosa mengi kuliko kote.

Kama una vipima mafuta vya tangi vya aina ya i hapo kuna data ya ziada. Kile kilichoko tangini kinaunganishwa na kizuizi kilichoko ofisini, kile kinachopunguza umeme unaokwenda tangini, na hivyo viwili lazima vikubaliane kwa hesabu (U ni volti, I ni ampea, P ni wati, C na L ni umeme unaoweza kuhifadhiwa kwenye kifaa na kebo; o ni upande wa kizuizi, i ni upande wa kipima): Uo, Io na Po za kizuizi zisizidi Ui, Ii na Pi za kipima, na Co na Lo zitoshe Ci na Li za kipima ukijumlisha na za kebo yote kwa urefu wake. Kwa hivyo safu zako hapa ziongezeke, urefu wa kebo uwemo, na hesabu yenyewe ihifadhiwe ikiwa na jina la aliyeifanya. Ukibadilisha kizuizi kwa kingine kinachofanana sura, hesabu inaanza upya. Na kizuizi ukikitazama kibati chake utaona alama ziko ndani ya mabano ya mraba, kama [Ex ia Ga] IIC, mabano hayo yanasema mimi mwenyewe nakaa sehemu salama, msinipeleke kwenye pampu. Unapojaza usiyaangushe hayo mabano hata kidogo.

Matengenezo. Kifaa kikienda kwa fundi kurudi si kile kile. IEC 60079-19 ndo ya matengenezo, na karakana inayoifuata itakurudishia kifaa na kibati chenye R, ikiwa ndani ya mraba ni kwamba kimetengenezwa kwa kufuata nyaraka za cheti chake, ikiwa ndani ya pembetatu iliyopinduliwa ni kwamba kinafuata viwango lakini si lazima cheti. Piga picha ya R hiyo uiweke kwenye mstari. Kikirudi bila chochote na bei ilikuwa rahisi sana, unajua tayari.

Hii ya kuunganisha taarifa si urembo. Mwaka 1988, tarehe 6 Julai, jukwaa la mafuta la Piper Alpha kule bahari ya Kaskazini liliungua wakafa watu 167. Pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo na kibali cha kazi hiyo kilikuwepo, kimeandikwa, lakini watu wa zamu ya usiku hawakukiona wakaiwasha pampu ile. Karatasi ilikuwepo. Na sisi Kenya tumeona moto wa petroli wa Sinai mwaka 2011 na mlipuko wa gesi wa Embakasi Februari 2024, sisemi chanzo kilikuwa vyeti, nasema tu kwamba mvuke hauna simile, na kwenye vichochoro vya mji wa Lamu anapopita punda kwa shida gari la zimamoto litapita wapi.

Kuhifadhi sasa. Jina la faili la PDF liwe linajisema: namba ya cheti, X kama ipo, toleo, basi. Mkwaju (/) na nafasi zitoe weka vistari. Usiite "cheti cha taa mpya final final 2". Weka kwenye Google Drive au popote lakini nakala nyingine iwe kwenye simu ya fundi na kwenye kompyuta ya ofisi bila kutegemea mtandao, mnajua wenyewe mtandao wa huku ukiamua kulala. Kwenye kibati cha namba unaweza kuchonga QR inayofungua mstari wa kifaa, ni nzuri, ila kumbuka ile simu ya kuisomea ni ile ile isiyo ya Ex, kwa hiyo namba isomeke kwa macho pia. Mwenye ruhusa ya kubadilisha awe mtu mmoja na msaidizi wake, wengine wasome tu, na mabadiliko yasiletwe kwa mdomo wala kwa sauti ya WhatsApp, yaje na picha. Mafundi wa nje wanaokuja siku moja wanafunga kitu wanaondoka na boti la jioni, hao walipwe baada ya picha ya kibati, cheti na glandi kufika. Baada, si kabla.

Kwa upande wa serikali, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, wanashughulikia leseni za biashara ya mafuta na gesi na DOSHS, idara ya usalama na afya kazini, wanasimamia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mkaguzi akija mpe ramani ya zoni kwanza, alafu mwambie achague kifaa chochote kwa kidole na wewe ufungue mstari wake. Usimpe faili nzima, utamchosha na ataanza kuuliza mambo ya 1998.

Kifaa usichoweza kusoma kibati chake, kimeliwa na kutu au kimepakwa rangi juu (hii ya kupaka rangi juu ya kibati sijui nani aliwafundisha mafundi wetu), kiweke kwenye orodha kwa rangi nyekundu na ukihesabu kuwa si cha Ex mpaka mtengenezaji akuthibitishie kwa namba ya siriali. Kama kiko zoni 1 kizimwe na kikatwe umeme kutokea sehemu salama, kisingoje wiki ijayo.

Na kikiondolewa kifaa usifute mstari. Andika kimeondolewa lini, kwa nini, kimekwenda wapi. Hapa kwetu vitu havitupwi, taa iliyotolewa Mokowe utaikuta Kizingitini imewekwa kwenye stoo ya petroli ya mtu mwengine, na atakupigia simu akuombe cheti. Mpe nakala, mpe na historia ya ukaguzi na matengenezo, na kama ilishawahi kutobolewa tundu au kubadilishwa boliti mwambie kabla hajaiwasha.